Kisanduku cha Ndugu

Nilipanda bodaboda kutoka Kitangari kabla ya adhana,
nauli nimeichomoa kwenye hela ya salfa.
Mikorosho itanisamehe, au haitanisamehe.
Newala kulikuwa na ukungu, na ofisi imefungwa.

Nikakaa kwenye ngazi nikirudia swali langu
kama mtoto aliyetumwa dukani asisahau:
Mwana wa pekee anapelekwa vitani?
Mwana wa pekee, anapelekwa?

Kaka yangu Chilumba alikwisha kunijibu bila kuulizwa.
Yeye ni mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto;
mimi nilizaa tu.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema,
"lakini serikali ina vidole vingi. Mwache aende."
Chilumba ana watoto saba,
na akila hamhesabu hata mmoja.

Mimi namhesabu wangu usiku kucha:
mmoja. Naanza tena. Mmoja.

Mshauri wa mgambo alifika saa tatu.
Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti chenye miguu mizima,
akakalia kile kibovu.
"Mama Abilahi, sheria ninayoijua mimi
inauliza umri, inauliza meno, inauliza cheti cha kidato cha nne.
Haiulizi nyumbani kabaki nani.
Lakini tuandike barua. Wakubwa nao wana mama zao."

Akafungua kabati la chuma, akatoa faili
apate kunakili namba. Akasita.
Akageuza ukurasa, akaurudisha.
"Mama, mbona hapa ndugu wako watatu?"

Nikamwomba asome. Herufi nazijua, macho ndiyo yamechoka.
Sijaona Mnaliwa, wa kike.
Likungu Mnaliwa, wa kiume.
Mwanaidi Mnaliwa, wa kike.
Mwandiko wa Abilahi, ule unaoegemea kushoto
kama mtu anayekwepa tawi.

Sijaona aliishi siku tisa.
Likungu alifika kukaa, akala uji, akalishika sikio langu,
kisha degedege, mwaka ule daraja lilipobebwa na maji.
Wa tatu nilimzika bila jina
asubuhi ya Idi, watu wakitoka msikitini na kanzu mpya.
Hilo nililisema mara moja tu maishani,
tukibangua korosho jikoni, nikidhani mtoto amesinzia.

Mwanaidi.
Kumbe alikuwa macho.
Kumbe alimbeba dada yake miaka yote hiyo
mpaka alipokuta mstari mtupu unaosubiri majina.

"Ni kosa la kujaza," mshauri alisema, taratibu.
"Tunarekebisha. Unaweka dole gumba hapa,
tunaandika: mtoto wa pekee. Barua itapata nguvu."
Akanisogezea kidau cha wino.

Nikalitazama dole langu.
Mafuta ya maganda yamekwisha kuila mistari yote;
limebaki laini kama kokoto ya mtoni.
Hata ningelibonyeza, lisingesema mimi ni nani.
Lakini si hilo lililonizuia.

Mara ya kwanza niliwazika kwa mikono.
Kuwazika tena kwa wino
ili huyu arudishwe,
ni mama gani anayelipa bei hiyo?
Na ni mama gani anayeikataa?
Nilikataa? Sijui.
Nilisema nitarudi Jumatatu.

Usiku Abilahi alipiga, mtandao ukikwaruza.
Hakusema yuko wapi; hawaruhusiwi.
"Tunasogea, mama. Nyumbani uko na nani?"
Nikaitazama mikorosho mitatu ya nyuma ya nyumba,
giza limeikalia.
"Niko na ndugu zako."
Akanyamaza. Nilimsikia akivuta pumzi,
na nyuma yake gari likipashwa moto.
Salio likakata
kabla hajauliza, kama kawaida yake, tangi lina maji kiasi gani.

Nusu, mwanangu.
Lina nusu.